Moyo Unapokwenda Mbio Kwenye Chumba cha Mtihani

Mtu anayevuka Barabara ya Morogoro pale Vigwaza akipigiwa honi na lori ghafla, huruka pembeni kabla hata hajaliona. Ubongo umeshatoa amri: adrenalini imemwagika kwenye damu, moyo unadunda, pumzi zimepanda, damu imekimbilia kwenye misuli. Hofu ya namna hiyo imewaokoa wengi.

Taabu inaanza mwili huohuo unapofanya yaleyale ndani ya chumba cha mtihani. Mwanafunzi wa kidato cha nne anafunua karatasi ya hesabu, moyo unakwenda mbio, anaanza kuhema harakaharaka. Kuhema huko kunatoa kaboni dayoksaidi kupita kiasi. Ikipungua kwenye damu, kichwa kinakuwa chepesi, midomo inakufa ganzi, vidole vinakakamaa. Akiviona vimejikunja hivyo anaamini anakufa, na kadiri anavyoamini ndivyo anavyozidi kuhema. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Uingereza, David Clark, aliueleza mzunguko huo: wasiwasi huwa shambulio la hofu pale mtu anapozichukulia dalili za mwili wake kuwa ni janga linalokuja, kama kifo.

Shambulio hufika kileleni ndani ya dakika chache, kisha hushuka. Haliui. Lakini shuleni huwa linaitwa mapepo, au mwanafunzi anaambiwa anajifanya. Sina ugomvi na visomo. Mtoto aliyezungukwa na watu wanaomwombea hupata utulivu wa kweli. Kinachoniuma ni kumwita mwongo, au kumkalisha nyumbani wiki nzima, maana kila anapolikimbia darasa ubongo unazidi kuamini kwamba hatari ipo darasani.

Tiba inaelekea kulekule anakokuogopa. Kwanza apimwe hospitali, kwa kuwa pumu, upungufu wa damu na maradhi ya moyo vina dalili zinazofanana na hizi. Kisha mtaalamu anamwambia ahemeheme kwa makusudi, kama dakika moja. Ganzi inakuja, kizunguzungu kinakuja, vilevile kama siku ile. Anaachwa avisikilize mpaka viondoke vyenyewe. Siku nyingine anakimbia palepale aliposimama mpaka moyo udunde. Baadaye anarudi darasani, pengine akianza na kiti cha karibu na mlango. Mazungumzo peke yake hayatoshi. Mwili nao lazima ushuhudie.

Wataalamu wa kazi hii ni wachache, na kutoka Vigwaza mpaka Hospitali ya Muhimbili ni safari ya nauli. Nchini Kenya, mpango wa Shamiri uliwafunza vijana waliotoka sekondari karibuni wakakaa na wanafunzi kwenye vikundi, vikao vinne tu. Utafiti wao wa 2021 ulihusu wanafunzi 413 wenye dalili za sonona au wasiwasi. Dalili hizo zilipungua zaidi kwa waliokuwa kwenye vikundi vya Shamiri kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Haikuwa tiba ya mashambulio hasa, lakini ilionyesha kwamba kijana aliyefunzwa vizuri anaweza kumsaidia mdogo wake.

Vijana kama hao Vigwaza wapo. Kidato cha sita humaliza mitihani mwezi Mei, kidato cha nne huketi Novemba. Mwalimu wa unasihi anayetaka kuanza kuwafunza ana miezi hiyo ya katikati.