Fahamu: Kwa nini hesabu ya vifo vya korona ilitiliwa shaka Mombasa
Mei 6, 2020, serikali ya Kenya ilitangaza kuufunga Mji wa Kale wa Mombasa kwa sababu ya korona: haingii mtu, hatoki mtu. Kutoka huko hadi mtaa wa Shimanzi, swali likawa: ugonjwa huu ni mkali kiasi gani hasa?

Shaka kuhusu hesabu ya vifo ilikuwa na msingi. Wengi walikwepa vipimo wakihofia karantini ya kujilipia, na asiyepimwa hahesabiwi, hata akifia nyumbani na kuzikwa siku hiyohiyo.

Ndiyo maana wataalamu hulinganisha vifo vyote na vya miaka ya kawaida. Shirika la Afya Duniani lilikadiria hivyo ziada ya vifo milioni 14.9 duniani mwaka 2020 na 2021, wakiwemo waliokosa matibabu mengine. Vilivyoripotiwa kuwa vya korona ni milioni 5.4. Lakini nchini Kenya hata kulinganisha huko ni kugumu, kwa kuwa vifo vingi havisajiliwi kabisa.