Pengo la Pingili na Maneno ya Mitaani

Tangu tuandike juu ya maumivu ya kiuno, maswali hayajakatika, na moja kutoka Kiembe Samaki limeyabeba karibu yote. Msomaji huyo ni mtu mzima, ana watoto, anafanya kazi za nguvu. Kiuno kilimuuma, akapigwa eksirei, na ripoti ikasema pingili iliyo juu kidogo ya kifandugu ina mwanya kwa nyuma: mgongo wazi uliojificha. Kwenye daladala ya 505 abiria mwenzake akamwambia hiyo ni alama ya kuchezewa akiwa tumboni mwa mamaye. Mwengine akamuuzia mafuta ya "kuziba".

Hakuna mafuta yanayoziba mfupa. Hayapo Darajani, hayapo kwa mganga, hayapo duniani.

Hapa mambo mawili yanaitwa kwa jina moja. Katika wiki ya tatu na ya nne baada ya mimba kutunga, mgongoni mwa kiumbe hakuna mfupa bado. Kuna utando wa seli ambao kingo zake mbili zinainuka, zinainamiana na kushikana mpaka unakuwa mrija. Kushikana kunaanzia karibu na shingo kisha kunakwenda pande zote mbili, kama mtu aliyeanza kushona kili za mkeka kutoka katikati. Upande wa kichwa hufunga siku ya 25 hivi, wa chini siku ya 28. Mrija huo ndio ubongo na uti wa neva wa baadaye. Usipofunga kwa chini, neva hubaki nje, na mtoto huzaliwa na uvimbe au kidonda mgongoni. Huo ndio mgongo wazi wa kutisha, na mara nyingi maji hujaa kichwani pia.

Mfupa unakuja baadaye, na una ratiba yake. Tao la nyuma la kila pingili hukua kwa vipande viwili, cha kulia na cha kushoto, vikielekeana juu ya mrija uliokwisha kufungwa. Pingili nyingi hukutanisha vipande hivyo katika miaka ya mwanzo ya utoto. Zile za chini kabisa huchelewa mpaka umri wa skuli, na kwa baadhi ya watu hazikutani maisha yao yote. Mrija ni mzima, neva ziko ndani, ngozi imefunika, na mwenyewe hana habari mpaka apigwe picha kwa sababu nyengine. Karibu mtu mmoja katika kila kumi yuko hivyo. Basi wachawi wa visiwa hivi wana kazi nyingi mno.

Wasomaji wengine wameandika kwamba maradhi haya yameletwa na vyakula vya kopo na sindano za siku hizi. Kopo gani lilikuwepo kwenye pango la Taforalt, Morocco? Mifupa iliyofukuliwa humo ina zaidi ya miaka 12,000, na mingi ina mwanya huohuo juu ya kifandugu. Pengine wenyewe walikuwa ndugu wa damu, maana hali hii hupita katika ukoo.

Lakini kisa kinachonivutia zaidi kiko karibu na sisi. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu, Mkenya aliyekuwa na jicho la mifupa kuliko maprofesa wengi, aliokota kipande cha fuvu huko Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana. Kikafuatiwa na kiunzi karibu kizima cha mvulana wa jamii ya Homo erectus, aliyekufa yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Mwaka 2001 watafiti Bruce Latimer na James Ohman wakatoa neno zito: mvulana yule alizaliwa na kasoro kubwa za uti wa mgongo. Pingili bapa, njia ya neva nyembamba, mgongo uliopinda, na mgongo wazi juu yake. Tena wengine wakaanza kuuliza kama mgonjwa huyo anafaa kuwa kielelezo cha jamii yake.

Regula Schiess na Martin Haeusler wa Chuo Kikuu cha Zürich walirudi kwenye mifupa hiyo, na mwaka 2013 wakaipangua hoja karibu yote. Pingili zilikuwa na umbo la kawaida la kijana anayekua. Mbavu kadhaa zilikuwa zimepangwa pasipo pake, na zilipowekwa mahali pake kifua kikakaa sawa. Walichobaki nacho ni dalili za diski iliyochomoza kiunoni, jambo la kuumia, si la kuzaliwa nalo. Wataalamu wenye mfupa mkononi na miaka ya kubishana walifika huko. Muuza mafuta anamaliza kwa dakika tano, picha hajaiona.

Na wanaosema mtoto wa mgongo wazi "si wa kuishi" wasikie habari ya Windover, Florida. Kwenye makaburi ya miaka zaidi ya 7,000 alikutwa kijana wa miaka kama 15 mwenye mgongo wazi ule mkubwa wenyewe. Hakukuwa na hospitali. Kulikuwa na watu waliomlisha na kumhamisha kila walipohama.

Leo tunayo hospitali. Mtoto akizaliwa na uvimbe mgongoni, usikandwe, usitiwe majani wala majivu. Alazwe kifudifudi, pafunikwe kwa shashi safi iliyolowa maji ya chumvi ya hospitali, apelekwe Mnazi Mmoja, penye upasuaji wa ubongo na mgongo uliojengwa kwa ushirikiano na taasisi ya NED ya Hispania. Siku mbili tatu za mwanzo ndizo za kuwahi. Kombe na dua havigombani na gari la wagonjwa.

Mtu mzima mwenye mwanya kwenye picha asihangaike, ila miguu ikifa ganzi au mkojo ukitoka bila ya hiari, amuone daktari siku hiyohiyo.

Kinga ya ule mgongo wazi wa kutisha ni foliki asidi, mikrogramu 400 kila siku. Utafiti uliotoka Uingereza mwaka 1991 ulionesha kuwa kwa akina mama waliokwisha kuzaa mtoto wa namna hii, dozi kubwa ilipunguza hatari kwa asilimia 72. Hao waandikiwe na daktari. Anayetumia valproeti kwa kifafa asiiache mwenyewe, aulize kwanza. Vidonge haviondoi hatari yote, na tabu yake kubwa ni wakati: siku ya 28 wengi hawajajua kama wana mimba, na vidonge vya kliniki vinakuja mrija umeshafunga au umeshindwa. Kwa hiyo wa kuanza kazi hii ni somo. Anapomfunda mwari, kati ya singo na udi, na hiki kidonge akitie.