Jua la kupakwa kwa brashi

Mshindi mkuu wa mashindano ya Golden Demon hapewi kikombe. Hukabidhiwa upanga wa chuma, mrefu, wa kushikwa kwa mikono miwili, unaoitwa Slayer Sword. Kazi iliyompatia upanga huo ni kupaka rangi askari, zimwi au joka, na mara nyingi askari mwenyewe hafikii hata urefu wa njiti ya kiberiti. Mashindano haya yalianza Uingereza mwaka 1987. Wanaoshindana si watoto tu. Wengi ni watu wazima, wenye kazi na familia zao, wanaorudi nyumbani jioni, wakawasha taa ya mezani na kuinamia goti la mtu wa plastiki kwa saa nzima.

Asiyewajua atauliza: watu wazima na midoli? Swali ni la haki, ila mdoli huu una ukoo mrefu. Mafundi wa Nuremberg, Ujerumani, walikuwa wakimimina askari bapa wa bati tangu karne ya 18. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ikagundua namna ya kumimina askari mwenye uwazi ndani, mwepesi na wa bei nafuu, na majeshi yakaingia kwenye vyumba vya kawaida. Ndipo mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells akatoa kitabu cha kanuni za kuwapiganisha sakafuni, kiitwacho Little Wars, ambamo mizinga ya kuchezea hurusha vijiti vya mbao na askari anayeangushwa amekufa.

Kinachonishangaza kuhusu Wells ni kitu ambacho hakukifanya. Huyu ndiye aliyeandika The War of the Worlds mwaka 1898, akawateremsha viumbe wa Mirihi katika mashamba ya Surrey. Lakini sakafuni kwake aliweka askari wa miguu, wapanda farasi na mizinga, basi. Hakuwachanganya. Ilibidi kungoja hadi 1971, huko Marekani, Gary Gygax na Jeff Perren walipotoa kanuni za vita vya zama za kati, Chainmail, na mwishoni wakabandika nyongeza ya wachawi, majoka na majitu. Nyongeza ikawashinda wenye nyumba. Kutoka humo ukazaliwa mchezo wa Dungeons & Dragons, mwaka 1974.

Mwaka uliofuata vijana watatu wa London, Ian Livingstone, Steve Jackson na John Peake, walianzisha Games Workshop. Walianza kwa kutengeneza mbao za michezo, kisha wakawa wauzaji wa Dungeons & Dragons Ulaya. Wachezaji wakataka sanamu za mashujaa wao, na kampuni ndugu ya Citadel Miniatures ikaanza kuzimimina kwa chuma laini chenye madini ya risasi. Kanuni za mchezo wa vita wa Warhammer zilitoka 1983, hasa ili watu wanunue sanamu nyingi zaidi. Hilo silisemi kwa kejeli. Ndivyo biashara ilivyokuwa. Mwaka 1987 ukaja Warhammer 40,000, wa siku za mbali ambapo dola la binadamu limeoza na bado linapigana katika kila pembe ya anga. Leo makao ya kampuni yako Nottingham, na Desemba 2024 iliingia katika orodha ya makampuni 100 makubwa kabisa ya soko la hisa la London, meza moja na mabenki na wachimba mafuta.

Lakini hisa hazielezi kwa nini mtu ainamie goti la plastiki. Hilo linaelezwa na mwanga.

Vijisanamu hivi hupimwa kwa milimita 28 hivi, kutoka nyayo hadi machoni. Maana yake ni kwamba ukikitazama kimoja kwa umbali wa mita moja, ni sawa na kumtazama mtu aliyesimama mita 60 kutoka ulipo. Kwa umbali huo jicho halioni mkunjo wa kanzu wala kivuli kilicho chini ya kidevu. Mpake mtu huyo nyekundu safi kwenye joho na rangi ya ngozi usoni, bila kosa lolote, naye ataonekana kama tone la nta. Mchongaji ameiweka mikunjo yote, lakini ni ya nusu milimita, na taa ya sebuleni haina habari nayo. Kwa hiyo mpakaji hapaki joho. Anapaka jua linaloanguka juu ya joho, na anapaka kivuli mahali ambapo jua halifiki. Rangi ya nguo yenyewe hubaki katika ukanda mwembamba wa katikati.

Njia za kufika huko ni nyingi. Ya kwanza hufundishwa kila mtu: praima, rangi ya msingi, kisha rangi nyepesi ya majimaji inayotiririka na kutuama kwenye mifereji, halafu brashi iliyofutwa hadi ikabaki karibu kavu, inayopitishwa juu juu ili ishike miinuko peke yake. Kwa jeshi la askari 60 hiyo inatosha kabisa. Wengine huanza mapema zaidi: hupuliza praima nyeusi kila upande, kisha nyeupe kutoka juu tu, kana kwamba ni saa sita mchana, na rangi zinazofuata huwa nyepesi kiasi kwamba kivuli hicho cha awali huonekana kwa chini. Anayewania medali ataongeza tabaka kwa tabaka, kila moja imezimuliwa kwa maji hadi karibu isionekane.

Brashi nayo ina imani potofu zake. Anayeanza hununua iliyo ndogo kuliko zote dukani, akidhani kitu kidogo kinataka brashi ndogo. Brashi ya namna hiyo haibebi rangi. Inakauka kabla haijafika kwenye jicho la askari. Wenye uzoefu hutumia iliyonona tumboni na kuchongoka nchani, ya manyoya ya kolinsky, mnyama wa jamii ya kicheche anayepatikana Siberia. Brashi mashuhuri ya aina hiyo, Series 7 ya Winsor & Newton, haikubuniwa kwa ajili ya mazimwi. Kampuni husimulia kwamba Malkia Victoria ndiye aliyeiagiza, mwaka 1866, kwa picha zake za rangi za maji.

Hadi hapa mpakaji na mchezaji wako pamoja. Wanaachana kwenye upanga wa askari. Rangi zenye kung'aa kama chuma zimechanganywa na chembe ndogo zinazoakisi mwanga wa chumba ulichomo, si mwanga wa dunia ya askari. Kwa hiyo wapakaji wa maonyesho wengi huziacha. Hutumia kijivu, nyeupe, buluu na kahawia kuchora mng'ao wenyewe: hapa pamewaka, hapa pamezima, hapa pameakisi ardhi. Ukitazama kwa mbele, ni chuma. Zungusha kijisanamu kidogo, na mng'ao haukufuati. Umebaki pale pale ulipopakwa, na uongo umejulikana.

Ndiyo maana naona kijisanamu cha maonyesho si sanamu tena. Ni picha iliyochorwa juu ya sanamu, na kama picha yoyote ina mbele yake. Huinuliwa juu ya kitako cha mbao, huwekwa kwenye kabati la vioo lenye taa juu, upande uleule ambao mpakaji aliuwekea jua lake. Taa ikitoka chini, kazi yote inapingana na macho. Askari wa mezani hawezi kuwa hivyo: anashikwa, anaangushwa, anatazamwa na adui kutoka kila upande, na vanishi yake inahitaji kuwa ngumu kuliko nzuri. Hata hivyo kanuni za Warhammer 40,000 zinamkumbuka: katika mashindano, jeshi lililopakwa rangi kwa kiwango cha kawaida hujipatia pointi 10 kati ya 100. Mtu anaweza kushindwa vita kwa kuchelewa kupaka viatu.

Kuhusu kuhukumu, nina upande. Golden Demon hukubali vijisanamu vya Games Workshop, kampuni inayoyaandaa mashindano hayo, tu na hutoa nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu kwa kila kundi. Maonyesho mengine ya Ulaya, kama lile la Monte San Savino nchini Italia, hupima kila kazi kwa kiwango chake yenyewe, si dhidi ya ya jirani. Kazi kumi zikistahili dhahabu, kumi zinapata dhahabu. Nadhani utaratibu wa pili unafundisha zaidi, ingawa wa kwanza unasisimua zaidi, na watu hawasafiri mbali kwenda kufundishwa tu.

Anayetaka kuanza akiwa Tanga au Mombasa ajue kwamba maelekezo mengi yameandikwa na watu wanaoishi kwenye baridi. Rangi za akriliki hukauka upesi kwenye joto letu, wakati mwingine zikiwa bado kwenye brashi. Dawa yake ni kibao cha unyevu: sponji iliyoloweshwa ndani ya boksi bapa, juu yake karatasi ya kuokea, na rangi juu ya karatasi. Funika boksi na rangi itabaki hai hadi kesho, lakini badilisha maji mara kwa mara maana kuvu haikawii. Vanishi ya kupuliza ni hatari zaidi. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, vanishi huganda na kuacha ukungu mweupe juu ya kazi yote. Usipulize asubuhi na mapema wala mvua inaponyemelea. Ngoja jua liwe limekausha hewa, jaribu kwanza juu ya kipande cha plastiki usichokihitaji, au liache kopo kabisa na upake vanishi kwa brashi.