Konde la kweli halisubiri mikono ya kung fu!

Jumapili moja mpwa wangu alikuja nyumbani ana furaha kama mtu aliyeokota noti njiani. Hata chai hakumaliza. "Mjomba, twende uani, unirushie ngumi ya uso," akaniambia. Haya, nikasimama, nikarusha. Basi! Mkono wake wa kushoto ukaupiga wangu pembeni, wa kulia ukanidaka kifundo, halafu makonde matatu ya harakaharaka yakaja kusimama sentimita chache tu mbele ya pua yangu. Watoto wa jirani wakashangilia.

"Umeona, Mjomba? Safari hii kibaka akinitokea, simu simpi ng'o!"

Hapo kicheko kikaniishia. Kijana ana miaka kumi na tisa, alikuwa na miezi minne ya mazoezi ya kung fu, na tayari amejiamini kiasi cha kubishana na watu wasiojulikana gizani. Nikajiona mimi mwenyewe wa zamani.

Wasomaji wa rika langu mnakumbuka mabanda ya video. Unatoa kiingilio chako, unabanana kwenye benchi, jasho linakutoka, lakini macho hayabanduki kwa Bruce Lee. Steringi hafi! Ikiisha tunatoka mbio tukipigana mateke hadi nyumbani. Mimi sikuishia kwenye mateke ya njiani. Nilijiunga na kikundi cha mtaani nikafundishwa mikono kwa miaka miwili: kuzuia, kudaka, kuvuta, kupiga. Nikawa mwepesi kweli, bwana, hata mabinti wakawa wananitazama.

Siku moja nikaingia kwenye ukumbi wa ndondi kumsubiri rafiki yangu. Bondia mmoja, mwembamba kuliko mimi, akanitania: "Kaka, vaa glovu tucheze kidogo." Nikavaa. Akarusha ngumi fupi ya mkono wa mbele. Mikono yangu ikatoka kwenda kuidaka, ikadaka hewa, kwani ngumi ilishanifika puani na kurudi kwake. Nikiwa bado nimenyoosha mikono kama mtu anayedai chenji kwa konda, ya pili ikazunguka ikanipata sikioni. Ya tatu ikatokea chini kuja kidevuni. Nikaona nyota mchana kweupe. Na jamaa alikuwa ananihurumia!

Nilifikiri sana juu ya siku ile, nikagundua nilikosea wapi. Kule kwenye mazoezi mwenzangu alikuwa akirusha ngumi moja, halafu mkono anauacha pale pale hewani, ananisubiri nimalize madoido yangu. Bondia gani atakuachia mkono? Konde la kweli linarudi kwa kasi ile ile liliyoendea, na nyuma yake kuna jingine. Mara nyingi la kwanza ni la kukuzuga tu.

Halafu kuna suala la muda. Mtu akiona kitu ghafla, zinapita kama sehemu mbili za kumi za sekunde kabla mwili haujaanza kujibu. Konde la mtu aliyesimama karibu nawe linaweza kufika katika muda huo huo. Sasa wewe unataka uone ngumi, uchague mbinu, uinue mkono, udake kifundo! Utachelewa tu, hata uwe mwepesi kama paka.

Wapo watakaosema mbona Bruce Lee aliweza. Wapenzi wasomaji, Bruce Lee mwenyewe ndiye shahidi wangu. Alijifunza Wing Chun, kung fu yenye sifa ya mikono kuliko zote, kwa Ip Man kule Hong Kong. Katika Wing Chun kuna zoezi la kugusanisha mikono na mwenzako, mnazungusha, ukihisi anasukuma unapata njia ya kumpiga. Ni zoezi zuri, lakini linataka mikono iwe imeshagusana, na bondia hakai kugusana na wewe. Mwaka 1964, Oakland, Marekani, Bruce Lee alipigana na Wong Jack Man faraghani. Mpaka leo watu wanabishana nani alimshinda nani. Lakini Bruce Lee hakuridhika. Pambano lilimchosha kuliko alivyotarajia. Baada ya hapo akazidi kuchota kwenye ndondi na mchezo wa vitara, akawa anaangalia sana filamu za mapambano ya Muhammad Ali. Mwaka 1967 mtindo wake akauita Jeet Kune Do. Steringi wetu mwenyewe alikwenda kusoma kwa mabondia, sisi ni nani?

Wachina nao wameshajionea. Mwaka 1954 kule Macau walipandishwa ulingoni walimu wawili wakubwa, Wu Gongyi wa tai chi na Chan Hak-fu wa mtindo wa korongo mweupe. Watu walijaa wakitegemea maajabu. Filamu ya pambano lile bado ipo: utaona watu wawili wanarushiana ngumi ovyoovyo kama watoto waliogombania gololi. Mshindi hakutangazwa. Miaka 63 baadaye, Aprili 2017, mjini Chengdu, mpiganaji wa ngumi mchanganyiko Xu Xiaodong alikutana na mwalimu wa tai chi, Wei Lei. Wei Lei akanyoosha mikono yake mbele kwa madaha. Sekunde ishirini hazikutimia, yuko chini anapigwa.

Je, kung fu ni uongo? Hapana, nami sisemi hivyo. Wachina hao hao wana sanda, mchezo wao wa kupigana kwa glovu, mateke na kuangushana, ambako kila konde limekusudiwa kufika. Cung Le alitokea huko, na Machi 2008 akamvua Frank Shamrock mkanda wa Strikeforce baada ya kumvunja mkono kwa mateke. Hawa wanapigwa kila siku mazoezini, ndiyo maana wanajua kipi kinafanya kazi.

Na katika mikono ipo inayofanya kazi. Lile kofi dogo la kusukuma ngumi pembeni, Wing Chun wanaliita pak sao, mabondia wanalo na wanalitumia kila raundi. Siri yake ni udogo: kiganja kinasogea kidogo tu mbele ya uso, hakiifuati ngumi mpaka kwa mwenyewe. Kudaka kifundo nako kunawezekana, ila mkiwa mmeshakumbatiana, mkono wake umenasa hana pa kuurudisha. Yale ya kudaka ngumi ikiwa hewani waachie wenye kamera.

Basi, nikamwazimia mpwa wangu glovu nene na kinga ya meno. "Sasa narusha polepole," nikamwambia, "ila mkono siuachi, na siji na moja." Ngumi kumi zikamgusa nane. Mbili alizozuia alizuia kwa kofi dogo, wala hakukumbuka kudaka. Akakaa kimya, anajifuta jasho. Nikamwonea huruma.

Jioni ile akaenda kumuuliza mwalimu wake kwa nini hawafanyi mazoezi ya kupigana kweli. Akajibiwa mbinu zao ni za hatari mno, za kutoboa macho, mtu ataumia. Akarudi kunihadithia. "Sasa Mjomba," akasema taratibu, "kama ngumi nzima siwezi kuifikisha kwenye uso unaocheza, kidole nitakifikishaje kwenye jicho?"

Nikajua kaelewa. Nikamwambia kung fu asiache, inampa pumzi, nidhamu na marafiki. Lakini atafute mahali ambapo mwenzake anarusha ngumi ya kufika na kurudi, angalau mara moja kwa wiki. Na kibaka akitokea, ampe simu, akimbie. Kibaka haji peke yake, na huwezi kujua ameficha nini kiunoni. Simu nyingine tutanunua.

"Hata kama nimefuzu, Mjomba?"

"Hasa ukishafuzu!"

Jumamosi yake akaja tena uani, safari hii na rafiki yake na glovu za kuazima. Mimi nimeshaweka barafu tayari. Umri huu, pua haiponi haraka kama zamani.