Shahada Pekee Haitoshi: Njia ya Mhitimu wa Simiyu Kuwa Mbunifu Majengo Aliyesajiliwa

Bariadi

Tangu Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012, mji wa Bariadi umeshuhudia majengo ya umma yakiongezeka mwaka hadi mwaka: ofisi za Serikali, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa eneo la Nyaumata, madarasa, vituo vya afya na mabanda ya viwanja vya Nyakabindi vilivyokuwa mwenyeji wa Nanenane kitaifa mwaka 2018. Nyuma ya kila jengo la namna hiyo upo mchoro, na nyuma ya mchoro hutakiwa kuwepo mtaalamu anayewajibika kwa jina lake na kwa mhuri wake. Vijana wa Simiyu wanaorejea nyumbani na shahada ya ubunifu majengo hugundua mapema kwamba mhuri huo hautolewi siku ya mahafali.

Sheria Na. 4 ya mwaka 2010, iliyochukua nafasi ya Sheria Na. 16 ya mwaka 1997, inaipa Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi (AQRB) mamlaka ya kusajili na kusimamia wataalamu wa fani hizo. Mhitimu wa Chuo Kikuu Ardhi au chuo kingine kinachotambuliwa anapaswa kwanza kufanya kazi chini ya mbunifu majengo aliyesajiliwa, kisha kufanya mitihani ya kitaaluma ya Bodi. Kabla ya hapo hana mamlaka ya kutoa huduma hiyo kwa umma kwa jina lake mwenyewe, hata kama michoro yake inavutia macho.

Kipindi hicho cha uangalizi si cha kuchora tu. Mhitimu hukaa na mwenye jengo kusikiliza mahitaji yake, huandaa michoro ya awali na ya kina, hufuatilia kibali cha ujenzi katika halmashauri, hushiriki kuandaa nyaraka za zabuni, kisha huenda eneo la ujenzi kulinganisha kilichochorwa na kinachojengwa. Kazi hizo huziandika katika kumbukumbu za mafunzo, na msimamizi huzithibitisha kwa saini. Saini hiyo ina uzito: anayeitia anaiambia Bodi kwamba kijana huyu ameifanya kazi hiyo, si kwamba alikuwepo ofisini tu.

Simiyu yenyewe ni darasa zuri. Sehemu kubwa ya mkoa ina udongo mweusi wa mbuga, unaovimba unaponyeshewa na kupasuka wakati wa kiangazi. Ukuta uliojengwa juu ya msingi wa kawaida katika udongo huo unaweza kuonesha nyufa baada ya misimu michache. Mhitimu hujifunza hapa kuomba vipimo vya udongo kabla ya kuamua mahali pa jengo, kushauriana na mhandisi kuhusu kina cha msingi au kubadilisha udongo, na kuelekeza maji ya paa mbali na ukuta. Mchoro wa darasa uliosanifiwa kwa matumizi ya nchi nzima hauwezi kumaliza maswali hayo. Lazima mtu asimame kwenye kiwanja chenyewe.

Ugumu uko katika kumpata msimamizi. Ofisi nyingi binafsi za ubunifu zipo katika miji mikubwa kama Dar es Salaam, Dodoma, Arusha na Mwanza, na kijana wa Meatu au Itilima huhitaji nauli na chumba cha kupanga kabla hajaanza kulipwa. Njia nyingine ni taasisi za umma zenye wabunifu waliosajiliwa, ukiwemo Wakala wa Majengo Tanzania (TBA). Mhitimu anayepata nafasi katika halmashauri anapaswa kuuliza mapema nani atakayemsimamia na kama msimamizi huyo amesajiliwa. Kazi nzuri isiyo na msimamizi anayetambulika huenda isihesabiwe, na miaka hairudi.

Wahandisi nao wana utaratibu wao: tangu mwaka 2003, Bodi ya Usajili wa Wahandisi inaendesha mpango wa mafunzo kwa wahitimu unaojulikana kama SEAP.

Kwa nini mwananchi ajali? Machi 29, 2013, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Jiji la Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024, jengo jingine liliporomoka Kariakoo na kuua watu wengi. Majengo huanguka kwa sababu mbalimbali, na si kila mara kosa ni la mchoro. Hata hivyo, uangalizi wa mtaalamu eneo la ujenzi ni miongoni mwa vizuizi vichache vinavyoweza kugundua kasoro kabla zege halijakauka.

Mwananchi wa Bariadi anayetaka kujenga nyumba ya kupangisha, duka au ghorofa anaweza kumwomba mbunifu namba yake ya usajili na kuihakiki kwa Bodi kabla ya kulipa. Akiwa anahudumiwa na mhitimu aliye mafunzoni, aombe pia jina la msimamizi, kwa kuwa huyo ndiye atakayeijibia michoro itakayowasilishwa halmashauri.