NAMBA SABA NA TABIA YAKE

Ugomvi wa kugawana mali mara nyingine huzuka pasipo mwizi yeyote. Huzuka kwa kuwa wanaogawana hawaijui tabia ya namba. Kati ya moja na kumi, namba isumbuayo zaidi ni saba.

Saba ni namba tasa, maana yake haigawanyiki sawasawa ila kwa moja na kwa yenyewe. Mbuzi 6 hupangika wawili wawili, au watatu watatu. Mbuzi 7 wakipangwa hivyo, mmoja husalia peke yake.

Tena, 1 ikigawanywa kwa 7, tarakimu 142857 hujirudia pasipo mwisho. Zidisha 142857 kwa 2, utapata 285714. Kwa 3, utapata 428571. Tarakimu ni zile zile na hufuatana vile vile, ila zimeanzia mahali pengine. Ndivyo ilivyo mpaka 6. Lakini ukizidisha kwa 7, utapata 999999.

Namba hii imeheshimiwa tangu kale. Taurati yasimulia juma la siku saba. Mahujaji wa Kiislamu huizunguka Kaaba mara saba. Waswahili huziita siku saba za arusi fungate. Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kilianzishwa Dar es Salaam, na siku hiyo ikaitwa Saba Saba. Nchini Kenya jina hilo hukumbusha tarehe 7 Julai 1990, wananchi walipojaribu kukutanika Kamukunji, Nairobi, kudai vyama vingi.

Hata hivyo, heshima haiifanyi saba igawanye kwa urahisi. Ndugu saba wakiachiwa shilingi 100, kila mmoja atapata shilingi 14, na shilingi 2 zitasalia. Zikivunjwa kuwa senti, kila mmoja ataongezewa senti 28, na bado senti 4 zitasalia. Mzee aliyegawanya hakuficha kitu. Hesabu yenyewe ndiyo iliyobakisha.

Kwa hiyo yafaa wenye urithi wapatane, kabla ya kugawana, masalio yatakwenda kwa nani: kwa mama mzazi, au kwa mdogo wao aliye shuleni. Mapatano hayo yaandikwe mbele ya mashahidi. Senti 4 ni kitu kidogo, lakini shaka juu ya senti 4 yaweza kuwatenga ndugu maisha yao yote.