Uchovu wa Chuma Kilichochapwa

Reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda, yenye urefu wa km 210, ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Hebu tuifanye maabara yetu. Ikiwa gurudumu la behewa lina kipenyo cha sm 80, litazunguka takriban mara 84,000 kabla ya kufika Mpanda. Uzito wa behewa huipinda ekseli kidogo mno. Hata hivyo, katika kila mzunguko upande uliokuwa ukivutwa hubanwa, kisha huvutwa tena. Kwa kurudiwa hivyo, ufa huweza kuanzia kwenye mkwaruzo mdogo, ukakua polepole, hata siku moja ekseli ikakatika ghafula chini ya mzigo ule ule iliouzoea. Hali hiyo huitwa uchovu wa metali. Karibu na Versailles, Ufaransa, mwezi Mei 1842, ekseli ya garimoshi ilivunjika na watu zaidi ya 50 wakafa.

Siku hizi kipuri huweza kuchapwa: leza huyeyusha unga wa chuma kisichoshika kutu, tabaka juu ya tabaka, kila moja ikiwa na unene usiofikia sehemu ya kumi ya milimita. Kwa mkoa wa Katavi, ulio mbali na bandari za baharini, jambo hili lavutia sana. Tena chuma hicho kikivutwa mara moja katika mashine ya kupimia, mara nyingi hustahimili nguvu kubwa kuliko chuma cha aina hiyo kilichotengenezwa kwa njia ya kawaida.

Kipimo hicho, kwa maoni yangu, kimewadanganya wengi. Pale unga usipoyeyuka sawasawa hubaki vitundu, na uso wa kipuri huwa na chembechembe zilizogandamana. Kila kitundu na kila kijibonde ni mahali pa kuanzia ufa. Kusawazisha uso kwa mashine ya kerezo husaidia sana. Kukibana kipuri kwa joto kali na shinikizo la gesi huziba vitundu vya ndani, lakini si vile vilivyo wazi usoni.

Mhimili wa pampu uzungukao mara 1,450 kwa dakika hutimiza mizunguko 87,000 kwa saa moja, yaani zaidi ya safari nzima ya Kaliua hadi Mpanda. Ukivutwa upande na mkanda, hupindwa kama ekseli.

Mwalimu aweza kumwomba fundi wa gereji mhimili uliokatika. Mara nyingi wanafunzi wataona sehemu laini yenye mistari iliyopindana kama alama za maji ufukweni: hapo ndipo ufa ulipokuwa ukikua. Sehemu yenye chengachenga ndiyo iliyokatika mwishoni.